Chupi ya Tairi

Kunegunda Luambano hajawahi kumwomba mtu samahani isipokuwa Bikira Maria, na hata huyo alimwomba mara mbili tu, tena akamweleza sababu. Ni mwanamke wa miaka sitini na minane, mfupi, mikono yake myeusi kwa gundi isiyotoka hata kwa jiki, na kazi yake ni kuziba pancha kwenye kijiwe cha bodaboda, pale mtaa wa Ruhuwiko. Madereva wanamwita Bibi Pancha. Hapendi jina hilo, lakini ukimwita jina lingine haitiki.

Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe, Kajetani, kama mtu anavyorithi mbuzi mgonjwa. Kajetani ndiye aliyekuwa na kibao, kimeandikwa FUNDI PANCHA HODARI kwa rangi nyekundu, na uhodari wake uliishia kwenye kibao hicho. Ikifika saa nne asubuhi alikuwa ameshakwenda kilabuni kuonja pombe ya komoni, na alikuwa anaonja mpaka miguu inasahau ni ya nani. Anayebaki na wateja ni nani? Kunegunda. Alianza kwa kushika tairi ili mume azibe. Mwisho mume akawa anashika kikombe, na tairi likazibwa na mke.

Kajetani alipokufa, watu walimpa Kunegunda siku arobaini za huzuni, kisha wakaanza kumshauri. Auze mchicha. Auze maandazi. Arudi kijijini akalime mahindi, mwanamke hakai barabarani na spana. Kunegunda aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akawapa chai, kisha kesho yake akaenda kijiweni na ndoo ya maji, akaketi juu ya tairi la lori na kungoja. Mteja wa kwanza alikuwa yule yule aliyemshauri auze mchicha. Alikuwa na pancha mbili.

Shule alifika darasa la pili, na kusoma kwake ni kwa kuvizia herufi moja moja. Lakini mpira anaujua. Ukimletea tyubu mpya ya dukani haangalii karatasi yake, maana karatasi, anasema, imeandikwa na muuzaji, na muuzaji hajawahi kuandika kwamba mali yake ni mbovu. Anaibana kwa vidole viwili, anaivuta kama anavuta sikio la mtu, anaiachia. Ikirudi haraka, pa! anakutupia.

"Hii kapigie ndege. Ni manati hii."

Ikirudi polepole, ikijikunja kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa aende shamba, basi anaipulizia vumbi na kuiweka pajani. "Hii mvivu. Hii itashika upepo."

Ndiyo elimu yake yote, na imemlisha miaka. Mpira mwepesi, ule unaoruka na kurukaruka, una jasho. Hauna tundu hata moja, ukiuzamisha majini hautoi povu, lakini upepo unapenya taratibu kwenye ngozi yake kama maji yanavyopenya kwenye mtungi wa udongo. Baiskeli za zamani zilikuwa na tyubu nyekundu za namna hiyo. Kajetani alipokuwa anamchumbia alikuwa anakuja na baiskeli kutoka ng'ambo ya mto, na kila akifika anaomba pampu kabla hajaomba maji. Kunegunda alidhani ni mapenzi yanamchelewesha pale nyumbani, kumbe ni gurudumu. Baadaye zikaja tyubu nyeusi za mpira mvivu. Unajaza Pasaka, mpaka Pentekoste unaongeza kidogo tu.

Na kwa kuwa alikuwa na elimu moja tu, aliitumia kwa kila kitu. Watu pia aliwapima hivyo hivyo. Katekista wao, kwa mfano, ni mpira mwekundu: Jumapili kajaa, Jumatatu kalegea. Kajetani, Mungu amrehemu, alikuwa mwekundu wa kupindukia. Mtu mvivu wa kuamka, mzito wa kujibu, asiyecheka ovyo, huyo Kunegunda alimwamini. Yeye mwenyewe hakujipima. Alijua tu.

*

Mambo yaliharibika mwaka huu, barabara ilipotanuliwa. Vibanda vyote vya pembeni vikaambiwa viondoke, na kijiwe kikahamishiwa ng'ambo, mahali penye saruji na paa la bati. Pakatengwa kibanda kimoja cha fundi. Kimoja tu. Mwenyekiti wa kijiwe, Romanus, jamaa mrefu mwenye kupenda mikutano kuliko abiria, akaambiwa apeleke jina moja ofisi ya kata kabla mwezi haujaisha.

Kwa Kunegunda hilo halikuwa jambo la kufikiri. Jina ni lake. Nani mwingine?

Mwingine akashuka kwenye basi la Tunduru akiwa na kompresa ya upepo.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, kanzu safi ya Ijumaa, ndevu chache zilizochanwa, na mashine nyekundu yenye magurudumu aliyoivuta kama anavuta ng'ombe. Akasimama mbele ya Kunegunda, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Nalasi, bibi. Jina langu Swalehe. Ni fundi matairi."

"Nalasi? Myao?"

"Myao, bibi."

"Basi chukua shikamoo yako, mtani. Siwezi kupokea heshima ya mla korosho, itanikaba."

Swalehe akanyooka mgongo. Uso ukachangamka kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. "Loo! Kumbe nimeinamia Mngoni! Ndiyo maana nimemwona yule paka pale amekonda. Mnagombania panya na yeye?"

"Yeye anashinda kwa mbio, mimi nashinda kwa mtego. Kaa chini, mjinga wewe, unaniziba jua."

Mngoni na Myao ni watani. Mababu walipigana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu ruhusa ya kutukanana bila kesi, na anayekasirika ndiye mwenye hatia. Kwenye mazishi ya Kajetani, jeneza liko mlangoni tayari, mzee mmoja wa Kiyao alikwenda akaketi juu ya pampu ya marehemu. Akasema pampu ameikamata, na Kajetani haendi kaburini mpaka mtani apewe haki yake. Watu walikuwa wanalia, wakaanza kucheka. Mzee hakunyanyuka. Alipewa jogoo ndipo akainuka, akajipangusa makalio, akalia kuliko wafiwa wote. Mtani akishakaa juu ya kitu chako humsukumi. Unamkomboa.

Kwa hiyo Kunegunda hakuwa na neno na Swalehe kama Swalehe. Neno lake lilikuwa na ile kompresa. Ilikuwa inajaza tairi kabla hujamaliza kusema Salamu Maria. Na wiki hiyo hiyo pikipiki mpya na bajaji zikaanza kupita benchi la Kunegunda bila kusimama, zinakwenda kwa Swalehe, kwa sababu matairi yake ni tyubulesi. Hayana tyubu. Swalehe alikuwa hata halitoi tairi kwenye rimu: anachomoa msumari, anasukuma uzi wa kunata kwenye tundu, anakata, anajaza, nenda.

"Tairi gani hilo halina tyubu?" Kunegunda akauliza siku moja, sauti imekusudiwa ifike mpaka ng'ambo ya barabara. "Hilo ni tairi lisilo na chupi! Linatembea uchi, na ninyi mnalipanda!"

Madereva wakaanguka kwa kicheko. Swalehe akajipangusa mikono, akajibu kwa upole wake ule wa kuudhi.

"Chupi linayo, mtani. Ila imeshonewa humo humo ndani, haivuliki. Ninyi wa zamani mmezoea ya kuvua."

Wakacheka zaidi. Kunegunda akainamia tairi lake. Alilitafuta jibu siku nzima. Akalipata jioni akiosha vyombo, halikuwa zuri.

*

Romanus, kama nilivyosema, anapenda mikutano. Akaitisha mmoja. Akasema hataki kuandika jina kwa upendeleo, wala hataki kulaaniwa na bibi kizee, kwa hiyo mafundi washindane. Kijiwe kina bajaji mbili, na matairi mawili ya akiba, yanayolingana kwa umri na kwa kampuni. Atapigilia msumari mmoja kila tairi, mahali pale pale. Kila fundi azibe lake. Yajazwe upepo sawasawa, geji ya upepo isome thelathini, kisha yafungiwe siku saba. Litakaloshika upepo zaidi, fundi wake anapewa kibanda.

"Haya," Romanus akasema. "Swalehe atafanya kwa tyubulesi yake. Wewe bibi, tutakutilia tyubu ndani, ufanye kwa njia yako."

Hapo mtu mwenye akili angesema asante. Tyubu nyeusi, mpira mvivu, kiraka cha Kunegunda? Siku saba ingepungua nini? Angechukua kibanda kabla ya Swalehe kufunga mdomo. Hata binti yake Leticia, anayepika chakula pale kijiweni, alitoa kichwa nje ya moshi akamkonyeza: kubali, mama.

"Sitaki tyubu," Kunegunda akasema.

"Bibi?"

"Nipe lile lile lisilo na chupi. Nikimshinda kwa tyubu mtasema nimemshinda kwa sababu ya tyubu. Nataka nimshinde kwa tairi lake mwenyewe, ilale njaa Nalasi nzima."

"Mama," Leticia akaita.

"Geuza ugali wako."

Wakaanza. Swalehe alimaliza kazi yake huku anaongea na simu. Kunegunda hakutaka uzi wa kunata. Kuziba kwa nje, alisema, ni kuweka plasta juu ya shati, na kidonda kiko ndani. Akalitoa tairi kwenye rimu kwa vyuma vyake viwili, akalipanua, akaingiza kiraka kwa ndani. Na hapo hakukosea. Swalehe mwenyewe alitikisa kichwa kukubali.

Alipokosea ni kwenye kukwangua.

Kajetani, katika yale machache aliyomfundisha, alimfundisha kwamba kiraka hakishiki mpira laini, lazima uukwangue kwanza. Mkwanguo wao ulikuwa kipande cha kopo la maziwa kilichotobolewa kwa msumari, makali yake yanatokeza kama mbuzi ya kukunia nazi. Kunegunda alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Tyubu nene ya lori huikwangua mpaka vumbi jeusi linajaa kiganja. Sasa akaliingilia tairi la watu kwa nguvu zile zile, tena zaidi, maana wanaume kumi na wanne walikuwa wanamtazama. Kwangu, kwangu, kwangu. Vumbi likamwagika. Akaendelea. Mahali palipotosha kiraka cha ukubwa wa kopo la soda, yeye alisafisha uwanja wa sahani.

"Mtani," Swalehe akasema, safari hii bila kucheka. "Unakwangua sana. Hapo pembeni nyuzi zimeanza kuonekana."

"Wewe ulizaliwa nikiwa nakwangua."

"Nyuzi zile, bibi. Hizo nyeupe kama miba ya dagaa."

"Ukiona miba jua umefika kwenye nyama. Toka hapo, harufu ya korosho inaharibu gundi."

Akatoka. Alikuwa ameshasema mara mbili, angefanya nini zaidi?

Kiraka kikakaa vizuri kama muhuri wa serikali. Tairi likarudi kwenye rimu. Swalehe akayajaza yote mawili kwa kompresa, maana tyubulesi haikai kwenye rimu kwa pampu ya mkono, na Kunegunda akaruhusu akisema upepo ni wa Mungu hata ukitoka kwenye mashine ya Myao. Geji ikasoma thelathini na thelathini. Romanus akayafungia kwenye stoo ya Leticia, nyuma ya magunia ya mkaa. Ufunguo akabaki nao Leticia, kwa kuwa mkaa ni wake na lazima apike. Hakuna aliyelipinga hilo. Ruhuwiko wanamjua Kunegunda: ana mdomo mrefu, hana mkono mrefu.

*

Siku ya tatu, mchana wa joto, wateja hakuna, Leticia akaja kwenye benchi la mama yake akiwa amekunja uso.

"Mama, njoo stoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Usipige kelele."

Tairi la Swalehe lilikuwa limesimama dhidi ya ukuta kama askari. La Kunegunda lilikuwa limekaa kama Kajetani saa kumi jioni. Alilibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea. Halafu akaona ubavuni nundu, ndogo, laini, ya ukubwa wa yai la bata, ambayo haikuwepo.

Akaketi juu ya gunia la mkaa.

"Lete beseni la maji."

Wakalizamisha upande wenye kiraka. Kunegunda akainamisha uso mpaka pua ikagusa maji. Hakuna povu. Kiraka hakitoi hata chembe. Akazungusha tairi polepole. Mbali kabisa na kiraka, karibu na ukingo wa rimu, pasipo na tundu wala mkwaruzo, vikatoka vipovu vidogo vidogo, kama mate ya mtoto anayelala. Na kwenye nundu, vingine.

"Limerogwa," Leticia akasema.

"Nani aloge bajaji?"

Leticia akatazama mlangoni, akateremsha sauti. Pampu ya mkono ilikuwa pale pale, kwenye kona, ile ile ya Kajetani. "Mama. Kila siku nitalijaza mimi, asubuhi kabla sijawasha moto. Siku ya saba litasoma thelathini, au ishirini na tisa, lisionekane la ajabu. Nani atajua?"

Kunegunda aliikamata pampu. Tuseme ukweli, aliikamata. Akachomeka mpira wake kwenye valvu, akasukuma mara moja, mara mbili. Bila kile kibanda alikuwa anarudi kijijini. Mahindi. Wajukuu wa watu. Shemeji zake wakimwuliza kila jioni, haya, ule ufundi umeishia wapi? Akasukuma mara ya tatu. Ile nundu ubavuni ikafura kidogo, ikamtazama.

Akachomoa.

"Nini, mama?"

"Inajaa." Akaibonyeza. "Upepo umeingia ndani ya nyama ya tairi. Umepita wapi?"

"Mama, tunaongelea kibanda!"

"Na mimi naongelea upepo! Kaa kimya nifikiri."

Ndivyo alivyo. Mtu mwingine angeibiwa nyumba angelia nyumba; yeye angetaka kujua kwanza mwizi alipitia dirisha lipi. Alibonyeza valvu, akautoa ule upepo alioutia, kwa kukisia, mara tatu za pampu, zikatoka kwa kuzomea. Akafunga stoo mwenyewe. Akaenda nyuma ya kijiwe kwenye lundo la matairi yaliyokufa, akachagua tyubulesi moja kuukuu, akaipasua kwa kisu cha kuchinjia.

Alikaa nayo mpaka alasiri ikapita. Kwa nje, mpira mgumu. Katikati, nyuzi, zimepangwa kama mkeka. Na ndani kabisa, upande unaokutana na upepo, akaona ngozi nyembamba, nyeusi, laini, iliyobandikwa juu ya nyuzi. Haizidi unene wa ganda la chungwa. Akaichokonoa kwa ncha ya kisu mpaka kona ikanyanyuka, akaivua ukanda mrefu wa kidole kimoja. Akaubana kwa vidole viwili. Akauvuta. Akauachia.

Ukarudi polepole. Ukajikunja kwa uvivu, hauna haraka na mtu.

"Mama yangu mzazi," Kunegunda akasema peke yake.

Ni tyubu. Ni mpira mvivu ule ule, umebandikwa humo humo, hauvuliki, kama alivyosema yule mla korosho. Mpira wa nje na wa nyuzi ni wa nguvu tu, upepo hauuzuii. Kazi yote ya kushika upepo inafanywa na kale kangozi. Na yeye Kunegunda Luambano, mbele ya wanaume kumi na wanne, alikachukulia mkwanguo akakamaliza. Kiraka chake kiliziba tundu moja la msumari, akaacha uwanja mzima pembeni ukiwa uchi. Upepo ukaingia kwenye nyuzi, ukatembea nazo kama siafu, ukatokea unapotaka.

Akaukunja ule ukanda, akautia mfukoni mwa gauni pamoja na rozari. Siku nne zilizobaki alifanya kazi bila kumtukana mtu, mpaka madereva wakaulizana kama bibi ana malaria.

*

Jumamosi wakakusanyika. Romanus alivaa shati la mikutano. Akayatoa matairi stoo, akainua geji juu watu waione, kama padri na hostia, Mungu anisamehe.

"Usipime langu," Kunegunda akasema.

"Lazima nipime, bibi, ndiyo utaratibu."

"Pima basi, lakini nilisema kabla. Limeshindwa."

Geji ikasoma ishirini na saba kwa Swalehe. Kwa Kunegunda, kumi na moja. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kucheka.

Kunegunda akasimama. Akauchomoa ule ukanda mfukoni, ukatoka umeng'ang'ania rozari, akautenga.

"Sikilizeni, mbumbumbu. Hili tairi lina chupi kweli. Hii hapa. Nilipolikwangua nililivua chupi yote, ndiyo maana limejaa upepo mwilini. Huyu Myao aliniambia, sikusikia. Na siku ya tatu niliingia stoo nikalitia pampu tatu, halafu nikazitoa. Nazisema ili mtu asije akazisema yeye. Andika jina lake, Romanus."

Hiyo, kwa wanaomjua, ndiyo samahani. Kubwa zaidi hakuna ghalani.

Swalehe akasogea, mkono kifuani. "Bibi, si lazima iwe hivyo. Tunaweza kurudia, kwa tyubu, mimi sioni..."

"Ukinihurumia nitakukasirikia, na nikikasirika nalipa kuku. Kuku sina. Andika, Romanus!"

Romanus akaandika. Kunegunda akanyanyua ndoo yake, pampu na kibao cha Kajetani, akaondoka bila kugeuka. Leticia alilia mpaka ugali ukashika chini.

*

Jumatatu kibanda kipya kilifunguliwa. Saruji inanuka upya, bati linang'aa, jina la Swalehe limeandikwa mlangoni. Alifika saa moja na nusu akivuta kompresa yake, akaiweka katikati, akaenda kuchota maji bombani. Aliporudi, kuna mtu juu ya kompresa.

Kunegunda alikuwa ameketi juu ya tangi, miguu haifiki chini, khanga mpya kiunoni, ndoo pembeni.

"Shikamoo, bibi. Nataka kuiwasha hiyo."

"Nimeikamata."

"Umeikamata nini?"

"Mashine. Mtani nimeikamata. Haiondoki, haiwaki, mpaka nikombolewe."

Swalehe akaweka ndoo chini. Akamtazama, akatazama kijiwe: madereva wote wameshafika, simu ziko juu, wanapiga picha. Romanus naye huyo, anakuja mbio, akadhani ni mkutano.

"Mtoe," mmoja akasema.

"Mtoe wewe," Swalehe akajibu. "Ni mtani wangu, nitamsukumaje?" Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Haya mla panya, unataka nini? Jogoo?"

"Mzee wa kwenu alitaka jogoo, kwa sababu hana akili. Mimi nataka benchi. Nusu. Upande wa kivuli."

Romanus akakohoa. "Bibi, ofisi ya kata wameandika fundi mmoja..."

"Wameandika jina. Jina ni lake, lisomeni pale, mimi sijaligusa. Kuna mahali wameandika makalio mangapi yakae?"

Romanus akafikiri. Hawakuandika.

Mpaka saa tatu hakuna aliyemgusa. Bajaji moja ikaja na tairi bovu, ikasubiri. Ikaja ya pili. Swalehe kwa utani akanyoosha mkono akaiwasha mashine mtu akiwa juu yake. Ikamtikisa Kunegunda toka visigino mpaka kilemba, meno yakigongana, lakini hakushuka. Alisema tu, kwa sauti inayoruka kama redio mbovu, kwamba tangu Kajetani afe hajapata starehe kama hiyo. Hapo Swalehe akaizima. Akaenda kwenye benchi, akasogeza vifaa vyake upande wa jua.

"Nimekukomboa. Shuka."

Akashuka taratibu, akajipangusa, akaketi kivulini. Kibao cha Kajetani akakiegemeza chini ya benchi, mahali ambapo kata hawawezi kukiona bila kupiga magoti.

Wa kwanza kufika mbele yake alikuwa mkulima mwenye baiskeli na tyubu mbili mpya mkononi, hajui achague ipi. Kunegunda akavuta moja. Pa! Akamrudishia. Akavuta ya pili, ikajikunja kwa uvivu wake.

"Hii."

Pembeni Swalehe alikuwa ameshalitoa tairi la bajaji ya kwanza, tundu lake kubwa, linataka kiraka cha ndani. Akachukua msasa wake laini, akainama, akaanza. Kunegunda hakumtazama. Alikuwa anapaka gundi, jicho kwenye kazi yake.

"Taratibu, mtani," akasema. "Usilivue."

"Nani alimfundisha mwenzake hiyo?"

"Mimi. Nyamaza ukwangue."